Kifaru na Koti la Ambrus

Ukitaka kunijua, jua kwanza kwamba sina subira na watu wanaoongea polepole. Naitwa Bodrogi Etelka, mzaliwa wa Budapest, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukata filamu katika nyumba ya filamu za habari. Mpigapicha anahangaika huko mitaani na kamera yake, maabara inasafisha mkanda, halafu unaletwa mezani kwangu mrefu na wa ovyo, hauna kichwa wala miguu. Mimi naukata na kuuunga mpaka unaeleweka. Nilikuwa na msemo wangu: mpigapicha anaona anachotaka kuona, Etelka anaona kilichopo. Hakuna aliyenibishia, maana aliyenibishia alikuwa anajuta.

Mkanda ninaousimulia ulipigwa na Lóránt, mpigapicha wetu, Novemba ile ya mwaka hamsini na sita, Warusi waliporudi mjini na vifaru kuzima uasi wetu. Lóránt alijibanza dirishani, ghorofa ya pili, katika Wilaya ya Nane. Kwanza unaona barabara tupu, reli za tramu, nyaya zimelala chini. Kifaru cha kwanza kinaingia, mnara wake unageuka taratibu, kinapiga nyumba ya pembeni, na ukuta wote wa mbele unaporomoka hadi unaona kitanda cha mtu na taulo bado imening'inia ukutani. Kuna mzinga mdogo umefichwa kichochoroni. Unalia mara moja, mnyororo wa kifaru unakatika, nacho kinaanza kuzunguka pale pale. Cha pili kinakuja nyuma yake, kinamimina risasi madirishani bila kuchagua.

Hapo anatokea mtu mlangoni mwa nyumba. Amevaa koti refu la wafanyakazi wa tramu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, skafu imefunika pua na mdomo. Anachechemea mguu wa kulia. Anakimbia hivyo hivyo kwa kuchechemea mpaka nyuma ya kifaru hicho cha pili, anarusha chupa ya petroli juu ya injini, anateleza, anaanguka, anainuka, anageuka upande wa kamera. Nyuma yake moto unapanda. Halafu moshi unafunika kila kitu.

Lóránt aliniletea mkanda ule uso umejaa vumbi la chokaa.

"Etelka, nimepata."

"Umepata nini, mafua?"

"We tazama tu."

Nikatazama, nikapigwa na butwaa. Koti lile nalijua. Uchechemeaji ule naujua, nimeuona ukiingia mlangoni kwangu kila Jumapili. Yule alikuwa shemeji yangu Ambrus!

Szalontai Ambrus, dereva wa tramu, alikuwa mume wa mdogo wangu Vilma. Mguu wake wa kulia ulibanwa gereji akiwa kijana, ukabaki mfupi. Sikumpenda, na hilo sikumficha. Alikuwa mlegevu, mwoga wa mbwa, mwoga wa radi, mwoga wa daktari wa meno. Kitu pekee alichokuwa hodari kukifanya ni kula. Kila Jumapili alikaa mezani kwangu, akafagia tambi zangu za mbegu za mpopi, kisha akajipangusa sukari mdomoni na kuniambia, "Shemeji, kwa ulimi huo utaolewa na nani? Labda upelekewe posa na kifaru." Mimi kwao sikukanyaga tangu walipooana. Niliapa, na nikiapa nimeapa.

Basi leo mwoga huyo ndiye kachoma kifaru? Nilimwambia Lóránt mkanda wake ni mzuri, nikauweka kwenye mkebe, nikanyamaza. Wiki hiyo hiyo kombora likapiga maabara yetu na mkanda wa asili ukaungua. Lóránt naye akavuka mpaka kwenda Austria pamoja na nusu ya vijana wa mji. Duniani pote ikabaki nakala moja, ile ya mezani kwangu.

Mwezi wa kwanza watu wa usalama wakamchukua Ambrus.

Vilma alikuja jikoni kwangu macho yamevimba, hata kofia hakuvua.

"Wamemchukua, dada."

"Nimesikia. Nani kamchongea?"

"Mama Hermina."

Huyo Hermina alikuwa msimamizi wa nyumba yao. Kwetu msimamizi wa nyumba ndiye anayefungua lango usiku na kufagia ngazi, na miaka ile wengi wao walikuwa wanafagia na maneno ya watu, wanayapeleka panapohusika. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Amewaambia alimwona siku ile anatoka mlangoni na koti lake, anachechemea, chupa mkononi," Vilma akasema. "Dada, Ambrus hana hatia. Hakufanya. Naapa mbele ya Mungu hakufanya."

"Mdogo wangu, kwangu usijisumbue. Mkanda ninao. Nimeuona."

Akawa mweupe kama unga. "Umeuona? Umeona nini?"

"Nimemwona mumeo anachoma kifaru, na ni mara ya kwanza tangu akuoe nimemwonea fahari. Kidogo tu, usimwambie. Futa machozi."

"Nakwenda kwao kesho. Nakwenda kuwaambia wenyewe."

"Kuwaambia nini? Utawalilia? Wale machozi ya wanawake ndiyo chai yao ya asubuhi! Watakuweka ndani na wewe, halafu nitawafuata gerezani wawili badala ya mmoja."

"Dada, hunielewi."

"Nakuelewa kuliko unavyojielewa. Ukithubutu kwenda nitakufungia chooni, nakwambia kweli. Kaa nyumbani, funga mdomo, niachie mimi."

 Alitaka kusema kitu, nikamwekea sahani mbele yake. Aliondoka bila kugusa chakula. Alipofika mlangoni akanigeukia. "Nakupa wiki moja," akasema. Nilidhani ni wazimu wa huzuni.

Kesho yake Kapteni Csorba wa usalama akaja ofisini kwetu. Alikuwa mwembamba, ana sauti ya chini, anasema "tafadhali" na "samahani", na wapole wa aina hiyo ndio wa kuogopa. Alikuwa amekwisha kupekua ghala na kuutia muhuri mkebe. Alijua kuna mkanda wa vifaru vya Wilaya ya Nane, ila picha zake hakuwa ameziona.

"Ndugu Bodrogi," akaniambia huku akiuvunja muhuri wake, "naomba mkanda huu uunganishwe vizuri, maana naona umekatika vipande. Alhamisi nitakuja na shahidi tuutazame hapa mezani kwako, tusimamishe pale tunapotaka."

"Bila shaka, Ndugu Kapteni. Mnamtafuta nani?"

"Tumeshampata. Tunataka tu mkanda umtambue."

Hakujua kwamba mtu aliyempata ni shemeji yangu. Kwetu mwanamke akiolewa jina lake lote linamezwa. Mdogo wangu kwenye vitambulisho alikuwa "Mke wa Szalontai Ambrus", basi, kama vile hakuwahi kuzaliwa Bodrogi wala kuitwa Vilma. Watu hulalamikia desturi hiyo. Mimi siku ile niliibariki.

Sasa fikirieni. Ningeuchoma mkanda? Ningefungwa mimi, na Ambrus angenyongwa vilevile kwa maneno ya Hermina. Kitanzi hakikuhitaji ushahidi mwingi mwaka ule. Kuupoteza mkanda kusingemsaidia mtu. Ulitakiwa uonekane, na ukishaonekana uape kwamba huyu siye. Nilikaa nikauzungusha mbele na nyuma, mbele na nyuma, nikala kucha zangu zote. Koti ni la tramu, lakini makoti ya tramu yamejaa mjini. Uso haupo. Kinachomnyonga ni ule mguu wa kulia.

Basi nikacheka peke yangu. Mguu wa kulia? Nitaufanya wa kushoto!

Mkanda wa filamu una upande unaong'aa na upande usiong'aa. Ukiugeuza, picha inageuka kama ndani ya kioo: kulia inakuwa kushoto, kushoto inakuwa kulia. Matundu ya pembeni yanalingana pande zote, mashine haijui tofauti. Makosa hayo hutokea hata kwa wanafunzi, na mimi nimewahi kuwapigia kelele hadi wakalia. Picha inafifia kidogo tu, na hilo unalirekebisha kwenye lenzi.

Nilisubiri saa ya chakula cha mchana, wenzangu wote wakashuka kula supu ya maharage. Nikakata pale mtu anapotokea mlangoni, na pale moshi unapofunika. Kwanza nikaondoa kila chenye maandishi, maana herufi zikigeuka hata mtoto anajua. Kibao cha duka la viatu, toka. Tangazo la sinema, toka. Namba ya kifaru nikaikagua kipande kwa kipande, nikaona moshi umeifunika, Mungu ambariki aliyeuwasha. Kisha nikageuza mkanda. Kuunga upande uliogeuka si kazi ya kila mtu: unakwangua kwa wembe upande ambao hujazoea kuukwangua, na ukizidisha kidogo tu, mkanda unakatika mbele ya kapteni. Nilikwangua, nikapaka gundi, nikabana, nikapuliza. Waliporudi wenzangu na harufu ya vitunguu midomoni walinikuta nakula tufaha.

"Hukushuka, Etelka?"

"Nafunga ili nipendeze. Ndugu Kapteni anakuja Alhamisi."

Wakacheka. Nami nilikuwa nimejaa furaha, siwafichi. Nilijiona mimi ndiye mjanja wa Budapest nzima.

Alhamisi Kapteni Csorba akaja na Mama Hermina, mwanamke mfupi mwenye kofia ya manyoya ambayo, kama macho yangu hayadanganyi, ilikuwa ya mtu mwingine kabla ya vita. Yeye hakunijua, maana kwao sikuwahi kufika. Tukajipanga mezani mbele ya kioo cha kutazamia, mimi katikati, mguu kwenye kanyagio linalozungusha mkanda. Nikaanza.

Vifaru vikaingia. Ukuta ukaporomoka. Hermina akajipiga ishara ya msalaba, kisha akakumbuka ameketi karibu na kapteni wa serikali isiyotaka dini, akajifanya anajikuna. Mtu wetu akatokea mlangoni.

"Ndiye!" Hermina akapiga kelele. "Ndiye huyo, Ambrus, lile koti!"

"Anachechemea mguu wa kushoto," kapteni akasema kwa sauti yake ya chini. "Ulisema kulia."

"Kulia, ndiyo. Kulia! Hata sielewi, mbona hapa mambo yamekwenda kinyume? Duka la mikate lilikuwa huku, hapa naliona kule!"

 Duka la mikate sikuweza kulikata, lilikuwa nyuma ya kifaru muda wote. Nikajikaza.

"Mama, wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Dirishani kwangu, ghorofa ya chini."

"Na mpigapicha alikuwa ng'ambo ya barabara, anakutazama wewe. Hebu simama, unikabili. Mkono wangu wa kulia uko upande gani kwako?"

Akasimama, akanyoosha kidole. "Huu... kushoto."

"Haya. Kulia kwako, kushoto kwake."

"Mkate, sawa," kapteni akasema. "Mguu haubadiliki kwa sababu ya dirisha, ndugu."

"Haubadiliki, Ndugu Kapteni. Ndiyo maana nashangaa. Mama huyu alikuwa nyuma ya pazia, mizinga inalia, vioo vinamwagika. Mimi kwa hofu ile nisingejua hata mguu wangu mwenyewe ni upi."

"Mimi sikuogopa!" Hermina akasema, na sauti ikamtetemeka kwa kukumbuka. "Alikuwa anakimbia... kwanza alinipa mgongo, halafu... Mungu wangu, nilisema kulia kwa sababu Ambrus mguu wake ni wa kulia!"

Kapteni akamgeukia taratibu. "Kwa hiyo uliona mguu, au uliona Ambrus?"

Hermina akaanza kuvutavuta kofia yake. Ningeweza kumbusu. Lakini kapteni hakuwa amemaliza.

"Rudisha nyuma, tafadhali. Pale anapoinuka. Taratibu. Hapo. Simamisha."

Nikasimamisha. Mtu wetu alisimama akitutazama, skafu usoni, moto mgongoni. Kapteni akasogeza uso hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Baba yangu ni fundi cherehani, Debrecen," akasema. "Mimi nimekulia chini ya meza ya kushonea. Tazama vifungo. Koti la mwanamume hufungwa ubavu wa kushoto juu ya kulia. Hili limefungwa kinyume."

 Vifungo! Niliona herufi, niliona namba ya kifaru, niliona kibao cha viatu. Vifungo sikuviona.

Akanigeukia. Alikuwa hatabasamu tena. "Ndugu Bodrogi, wewe ni fundi. Mkanda unaweza kugeuzwa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba uongo mdogo utatuua wote. Nikachukua mkubwa.

"Unaweza, Ndugu Kapteni, kama soksi. Ila ukiugeuza na maandishi yanageuka. Nionyeshe herufi moja iliyogeuka humu, na mimi nitavaa koti langu twende."

Akaniamuru nirudishe mpaka mwanzo. Akatafuta. Alitafuta kwa bidii ya kweli, kidole juu ya kioo, nami nikamsaidia kutafuta, nikamwonyesha hata ukuta usio na kitu. Hakuna herufi. Tukafika tena kwa yule mtu na vifungo vyake.

"Basi nielezee vifungo," akasema.

Nikaangalia kioo. Nikaona mkono uliorusha chupa, na juu ya kidole kitu kinang'aa. Pete! Upande wa kushoto sasa. Na kwetu kila mtu anajua: mchumba anavaa pete mkono wa kushoto, siku ya ndoa anaihamishia kulia. Maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Ndugu Kapteni, mnamtafuta mwanamume kwa nini? Huyu ni mwanamke."

"Ebo!" akasema Hermina.

"Tazameni. Koti la kike la tramu, wapo makondakta wa kike tele, vifungo vyao ni hivyo hivyo. Pete iko kushoto: msichana ana mchumba, hajaolewa. Anarusha na mkono huo huo wa kushoto. Na mwangalieni anavyoinuka pale chini, anakusanya koti magotini kwa mkono. Mwanamume gani anainuka namna hiyo? Mwanamume anainuka kama ng'ombe."

Kapteni akacheka puani, bila kupenda. Akatazama tena, mara mbili, mara tatu. Nilimwona anaamini. Alikuwa ameona vifungo yeye mwenyewe, kwa ufundi wa baba yake, na mtu akishagundua kitu mwenyewe hakiachi kwa urahisi.

"Anakusanya koti," akasema polepole. "Kweli. Kama mama yangu." Kisha akanitazama mikono. "Wewe huna pete, ndugu."

"Sijapata mjinga wa kunitosha."

"Na huyu msichana, unadhani yuko wapi?"

"Msichana aliyefanya haya, halafu ana mchumba? Wako Vienna wanakunywa kahawa yenye krimu, Ndugu Kapteni. Wewe ungengoja hapa?"

Akafunga mkebe, akaandika kwa kalamu yake kwamba ni mwanamke asiyejulikana, ametoroka nje ya nchi. Hermina alimfuata kwenye ngazi akieleza, akijieleza, na yeye hakugeuka. Nilipobaki peke yangu niliweka kichwa mezani, nikacheka mpaka machozi yakaloanisha meza. Nimewaweza! Kapteni, muhuri, Hermina na kofia yake ya wizi, wote nimewaweza kwa wembe na gundi. Vilma nikamtumia neno moja tu: angoje, mumewe atatoka.

Ambrus walimwachia kabla ya Pasaka. Nikavunja kiapo changu. Nilipika sufuria zima la tambi za mbegu za mpopi, nikalifunga kwenye kitambaa, nikapanda ngazi za nyumba yao, nikampita Hermina aliyekuwa anafagia na nisimsalimie.

Ambrus alikuwa amekaa karibu na jiko, amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Vidole vya mkono mmoja vilifungwa bandeji. Niliumia, lakini mimi nikiumia huwa nachokoza.

"Shemeji, wewe mtu! Kumbe miaka yote ulikuwa simba umevaa ngozi ya kondoo. Ila unarusha chupa vibaya, kama anayemwagia kuku makombo."

Akacheka, na ule upenyo wa meno ukapiga filimbi. "Chupa gani, shemeji?"

"Usijitie. Nimekutazama mara mia."

"Mimi? Siku ile nilikuwa chini, ghala la makaa, nimejifunika blanketi kichwani. Kila mzinga ukilia nilikuwa namwita mama yangu." Alisema bila aibu, kama mtu anayetaja aina ya supu aliyokunywa.

Niligeuka. Vilma alikuwa amesimama mbele ya kabati, sahani mikononi, hasogei.

"Nilikwenda kutafuta mkate," Vilma akasema. "Koti langu lilikuwa limeloa, nikachukua lake na mabuti yake. Buti la kulia fundi amelipandisha soli kwa ajili ya mguu wake, ukilivaa lazima uchechemee, hata uwe mzima. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate, mtaa wa nyuma, dada. Kile kifaru kikaipiga foleni kabla hakijaingia mtaani kwetu. Bibi Jolán wa ghorofa ya tatu alikuwa mbele yangu, tulikuwa tunaongea. Nilirudi mlangoni, kijana mmoja alikuwa na chupa, nikamnyang'anya. Sikumbuki nilivyofika pale."

 Nikakaa kwenye kisanduku cha kuni na sufuria mapajani. Mimi, Etelka, ninayeona kilichopo! Nilimtazama mdogo wangu wa tumbo moja mbele na nyuma, mbele na nyuma, nikamwona mlegevu wangu wa Jumapili. Nilimwona anavyokusanya koti magotini, nikaliona hilo kabisa, na nikalitumia kumdanganya kapteni. Kidole changu mwenyewe kilikuwa juu ya kioo, kinamwonyesha mtu wa usalama: huyu hapa, ni mwanamke.

"Nilitaka kwenda kuwaambia," Vilma akasema. "Siku ile jikoni kwako. Wewe ukaniambia utanifungia chooni."

"Na mimi nilimwambia asithubutu, nilipokuwa natolewa mlangoni," Ambrus akasema. "Wao kila siku swali moja tu: nani mwingine anavaa koti lako? Nikawaambia koti langu haligusi mtu, mimi ni mchoyo. Hilo waliamini mwishoni, meno yalipokwisha kutoka." Akapiga filimbi tena kwa bahati mbaya, akajicheka.

Mtu anayeogopa mbwa. Mtu anayeogopa daktari wa meno. Nilitaka kusema kitu kwake na sikujua mtu huanza vipi, maana kwa mtu huyu sikuwahi kufanya mazoezi ya maneno mazuri. Nikageukia hasira, ndiyo ninayoijua.

"Kwa nini hamkuniambia? Nyie watu! Nilikuwa nakwenda mbele ya kapteni kama kipofu! Nimekaa pale nikasema ni mwanamke, nimelitamka neno lenyewe! Mngeniambia ukweli!"

Ambrus akaacha kucheka. Akanitazama kwa upole ambao sikuwahi kuutafuta usoni mwake.

"Shemeji, ungejua kuwa ni Vilma, ungethubutu kulisema?"

  Nilimwona kapteni na vifungo vyake, nikajiona nimekaa pale nikiwa najua, mguu kwenye kanyagio, ulimi umeganda, na kapteni ananisoma usoni neno kwa neno. Wangenyongwa wote wawili.

Nikainuka, nikafungua sufuria, nikampakulia yeye kwanza. Nilimpakulia mpaka sahani ikafurika, sukari ikamwagika mezani, na Vilma akanishika mkono kunizuia, nami nikaendelea kupakua.